Nyumba ya Wazee Wetu: Tuiongeze au Tuiache?



Mume na mke wanaopendana wanaweza kugombana juu ya fedha au juu ya watoto, na mambo hayo huzungumzwa mara nyingi. Leo tutazame jambo jingine ambalo huingia nyumbani polepole, likakaa miaka mingi bila kutajwa, hadi siku moja likapasuka. Jambo hilo ni nyumba ya wazazi.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Mume ni kitinda mimba, ndiye aliyebaki katika boma la baba yake. Baba amekwisha kufariki, mama yupo, na nyumba ipo. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vinne, paa la mabati, baraza mbele, jiko la kuni nje, na choo cha shimo nyuma ya zizi. Mke aliolewa humo miaka kumi iliyopita. Anasema, "Baba watoto, watoto wetu wanne wanalala chumba kimoja. Usiku wa mvua mtoto akiumwa na tumbo ninatoka naye nje na tochi. Tuongeze vyumba viwili, jiko na bafu, tuviunganishe na nyumba hii." Mume anajibu, "Nyumba hii baba aliijenga kwa jasho lake. Sitaki isemwe kwamba alipofariki tu, mimi nilikuja na nyundo." Mama mkwe yumo chumbani, anasikia yote, wala hasemi neno.

Nani ana haki hapo? Wengi wetu tungekimbilia kuuliza bei ya mawe na bei ya saruji. Bei ni muhimu, lakini hata mtu mwenye pesa nyingi hawezi kuzitumia kupata jibu la swali hili. Linahusu deni tulilo nalo kwa waliotutangulia, na deni tulilo nalo kwa wale tunaolala nao chini ya paa moja. Madeni haya mawili yakionekana kupigana, tulipe lipi?

Baba naye aliiacha nyumba ya baba yake

Kwanza tukumbuke nyumba hizi zilitoka wapi. Katika sehemu za kahawa, kama Murang'a, Nyeri, Kiambu, Meru na Kisii, nyumba nyingi za mawe za wazee wetu si za zamani sana. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni nchini Brazil, na kwa miaka michache iliyofuata bei ya kahawa ilipanda sana duniani. Mkulima mdogo wa Kenya akashika pesa ambazo hakuwahi kuziona. Wako waliosomesha watoto, wako walionunua ng'ombe wa maziwa, na wako walioita fundi na kuagiza mawe. Kwingineko pesa zilitoka kwa chai, au kwa mshahara wa ualimu, au wa reli. Popote zilipotoka, zilihesabiwa shilingi kwa shilingi. Vyumba vya futi kumi kwa kumi ambavyo leo tunaviona vidogo, wakati ule vilikuwa fahari ya kijiji.

Lakini tazameni vizuri. Baba huyo tunayesema tunamheshimu kwa kutogusa nyumba yake, yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya udongo na nyasi. Alipopata uwezo hakusema, "Baba yangu alilala hapa, nami nitalala hapa." Alijenga nyingine. Na hakuna mtu aliyemwita mwana mpotevu. Wazee walikuja, wakala, wakambariki.

Basi, kuiacha nyumba kama ilivyo si lazima kuwe ndiko kuwaheshimu wazazi. Amri ya nne inatutaka tumheshimu baba na mama, nao ni watu. Baba alipopanga mawe yale hakuwa anajenga kumbukumbu ya jina lake. Alitaka watoto wake wasinyeshewe. Ikiwa leo wajukuu wake wanabanana, au wanakohoa moshi kila jioni, basi kile alichokitaka hakitimii tena, ingawa kila jiwe liko mahali pake.

Upande wa pili nao una kosa lake. Wako wanaosema, "Hayo ni mambo ya kizamani, bomoa yote, weka nyumba ya kisasa." Wana ndoa wapendwa, nyumba ni zaidi ya kuta. Ukutani jikoni kuna alama za penseli za kimo cha watoto. Baraza ndipo posa ilipopokelewa. Chumba cha mwisho ndicho baba alichofia, na mama bado hulala upande ule ule wa kitanda. Anayeingia na tingatinga kwa sababu tu ana pesa huwa hajauliza anabomoa nini. Nyumba inaweza kuwa imechakaa kwa macho ya mgeni na bado ikawa inamshikilia mtu asianguke.

Kipimo kimoja

Ili tusibaki tukivutana kati ya "usiguse" na "bomoa", napendekeza kipimo kimoja. Jiulizeni hivi: tukifanya hivi, ni nani atakayegeuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe?

Kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Tukijenga jiko jipya lenye vigae, tukaweka jiko la gesi ambalo mama hajui kuliwasha, tukamwambia, "Mama, wewe kaa tu, usiguse kitu," tumemfanya mgeni. Alikuwa mwenye nyumba, sasa anaomba chai. Lakini pia tukikataa mabadiliko yote, yule mke aliyeolewa humo miaka kumi anabaki mgeni milele. Kila sufuria ina mahali pake palipoamuliwa kabla hajafika. Hana hata rafu moja anayoweza kusema ni yake. Mwanamke anaweza kuvumilia umaskini na bado akatabasamu. Kuwa mgeni kwake miaka kumi ni jambo linalomla mtu kwa ndani.

Mume katika mfano wetu anadhani anachagua kati ya heshima kwa baba yake na starehe ya mke wake. Hapo ndipo anapokosea. Mke wake haombi starehe, anaomba mahali. Naye mama, akiulizwa kwa utulivu, huenda akaonekana hana haja ya kuhifadhi kila jiwe. Naye ana haja ya mahali. Hao wanawake wawili wanataka kitu kimoja, na kuta zikipangwa vizuri zinaweza kuwapa wote.

Tujifunze kwa wenzetu wa Lamu

Hebu tutoke bara kidogo twende pwani, kwa maana huko wenzetu wameishi na swali hili kwa vizazi vingi. Mji wa kale wa Lamu, uliowekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa tangu karne ya 18. Kuta ni nene, zimepakwa chokaa, na dari imeshikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa mti wa mkoko una urefu wake, upana wa chumba hauzidi sana mita 3. Mjenzi alikubali mpaka aliowekewa na mti, akafanya chumba chembamba na kirefu.

Ajabu ni kwamba nyumba hizo, ambazo leo watalii huzipiga picha kana kwamba hazijawahi kubadilika, zilikuwa zikiongezwa. Katika koo zenye uwezo, binti alipoolewa familia yake ilimwandalia makao: nyumba ya jirani, au ghorofa juu ya nyumba ya wazazi. Nafasi ilipokosekana ardhini, watu walijenga chumba juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili zilizotazamana. Chumba hicho huitwa wikio. Mpita njia hupita chini yake, punda naye hupita, hakuna aliyezibiwa njia.

Tazameni hekima iliyomo. Nyumba iliongezwa kwa sababu ya ndoa, ili wapya wapate pao bila wazee kufukuzwa. Iliongezwa kwa kipimo cha boriti ile ile, kwa hiyo kipya na cha kale vilifanana bila kulazimishwa. Na nyongeza haikumnyang'anya jirani njia yake.

Kisha ikaja saruji, na hapo kuna somo la pili. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea. Ukipakwa saruji ngumu, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya muda plasta huanza kubanduka na mawe ya ndani kulika. Vilevile, ghorofa ya zege iliyotwikwa juu ya kuta ambazo hazikukusudiwa mzigo huo inaweza kuzipasua. Mwenye nyumba alidhani anaiimarisha nyumba ya babu, kumbe anaiua polepole kwa kitu kigumu kuliko yenyewe. Ndiyo maana wanaojua nyumba hizo husema: nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa. Na ninyi mnaoishi katika maeneo yaliyotangazwa kuhifadhiwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, msiguse ukuta kabla hamjapata ruhusa.

Si vigumu kuona jinsi somo hili linavyohusu ndoa. Kijana anayeleta mambo mapya katika familia bila kujua familia hiyo inapumua kwa wapi, hata kama nia yake ni njema, huifungia unyevu ndani.

Mzigo ambao nyumba inaweza kubeba

Turudi bara kwenye nyumba yetu ya vyumba vinne. Kabla ya kuamua lolote, mwiteni fundi mwenye ujuzi, na kama mnataka kuongeza ghorofa, mwiteni mhandisi. Msingi wa nyumba ya vyumba vinne ulichimbwa kubeba vyumba vinne. Kuna nyumba nyingi za zamani zisizo na chuma ndani ya msingi wala juu ya madirisha. Kuzitwika ghorofa ni kumwambia mzee wa miaka themanini abebe gunia kwa kuwa ujanani alilibeba.

Kama mnaongeza ubavuni, kumbukeni kwamba nyumba ya zamani imekwisha kutulia ardhini, na hiyo mpya bado itashuka kidogo. Mkizishikamanisha kwa nguvu, ufa utatokea pale zinapokutana. Kwenye udongo mweusi, ambao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, hatari ni kubwa zaidi. Mafundi wazuri huacha nafasi ndogo ya kuzitenganisha, wakaifunika vizuri, ili kila moja itikisike kivyake bila kuivunja nyingine. Wazazi na watoto walioolewa na kuoa, mnaoishi boma moja, hilo nalo lifikirieni.

Angalieni madirisha. Kosa la kawaida ni kuegemeza chumba kipya kwenye ukuta wenye dirisha la chumba cha zamani. Upande mpya unang'aa, wa zamani unabaki giza mchana kutwa, na mara nyingi chumba kilichotiwa giza ni kile cha mama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba wakati wa kuchora hakuna aliyeketi kwenye kitanda cha mama akatazama mwanga unaingilia wapi. Fanyeni hivyo kabla fundi hajapiga kamba. Tena, kama mna pesa ya kuongeza kitu kimoja tu, kiwe choo na bafu ambavyo mama anaweza kuvifikia usiku bila kupanda ngazi. Mteremko mdogo na chuma cha kushikia ukutani havigharimu sana.

Kama paa la nyumba ni la asbesto, msilivunje wenyewe. Vumbi lake hudhuru mapafu, nayo Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006. Kuna watu walioruhusiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, kuliondoa na kulizika panapostahili. Na kabla ya kazi yoyote, pateni kibali cha serikali ya kaunti, kama inavyotakiwa na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019.

Nyumba hii ni ya nani?

Sasa tufike mahali ambapo wengi hawapendi kufika. Hati ya shamba ina jina la nani? Katika maboma mengi ina jina la marehemu, na imekaa hivyo miaka ishirini. Mnajenga, mnaweka umeme, mnachimba kisima, yote juu ya mali ambayo kisheria bado si yenu.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema kwamba mali ya marehemu isishikwe ovyo na mtu asiyepewa mamlaka. Kufanya hivyo ni kosa. Inasema pia kwamba, kwa kawaida, mtu akifariki bila wosia akiacha mjane mmoja na watoto, mjane huyo ana haki ya kuitumia mali iliyobaki katika maisha yake yote, kisha watoto hugawana sawa. Imesema watoto. Haikutenga mabinti, wala mabinti walioolewa. Dada yako aliyeolewa mbali hakupoteza neno lake siku alipotoka na sanduku lake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua jiwe la kwanza, iteni ndugu wote. Waelezeni mnataka kujenga nini, kwa pesa gani, na itakuwa ya nani mama atakapokuwa hayupo. Fuatilieni kesi ya urithi mahakamani. Andikeni mliyokubaliana, kila mtu atie sahihi. Wengine wataona ni kutoaminiana. Lakini wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ndugu wangapi leo hawasalimiani kanisani kwa sababu ya vyumba viwili vilivyojengwa bila kusema?

Na ndugu wanaoishi mbali nao niwaambie neno. Yuko kaka anayeishi Nairobi, anayekuja boma wakati wa Krismasi, akaketi barazani na kusema, "Msibadilishe chochote, nataka watoto wangu waione nyumba kama nilivyokulia." Maneno hayo ni matamu, lakini nani anayalipia? Analipia yule anayepika kwenye moshi siku mia tatu na zaidi kwa mwaka ili yeye apate kumbukumbu yake kwa siku kumi. Kaka huyo ana haki katika mali ya baba yake. Hana haki ya kuwaweka wenzake katika shida ili moyo wake upoe. Ama akubali nyongeza, ama atoe mchango wa njia nyingine ya kuwapunguzia mzigo.

Kuna na kinyume chake: watoto walio mjini wanaojenga upande mpya wenye vyumba sita kwa heshima ya mama, kumbe ni kwa ajili ya macho ya majirani. Nyumba ile inajaa wiki mbili. Wiki hamsini zilizobaki, mama yumo peke yake, anafagia vyumba visivyolalwa na kuogopa milango mingi usiku. Huyo naye amegeuzwa mgeni. Kipimo chetu kinamhusu.

Baina ya mume na mke

Baada ya ndugu, turudi kwenu wawili. Tuseme kesi ya urithi imekwisha, na nyumba sasa ina jina la mume. Mke ameuza ng'ombe wake, amechukua mkopo wa chama, ameweka mabati mapya. Je, ana nini humo?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inajibu. Mali aliyorithi mtu kabla ya ndoa haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Hata hivyo, ikiwa mwenziwe amechangia kuiendeleza, anapata haki ndani yake kwa kadiri ya mchango wake. Na mchango haukuhesabiwa kuwa fedha tu. Kazi za nyumbani na kulea watoto zimetajwa humo. Lakini angalieni: hilo linahusu mali ya mmoja wenu. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, ng'ombe wa mke amekwenda kwenye mali ya watu wengi, na siku ya ubishi itakuwa kazi kubwa kumrudisha. Mume anayempenda mkewe hangoji mahakama imfundishe. Anamaliza mambo ya hati kwanza, ndipo anaipokea pesa ya mkewe.

Mke naye ana wajibu wake. Asiifanye nyongeza kuwa vita na mama mkwe ambayo atajua ameishinda siku mafiga ya mama yatakapong'olewa. Jiko la gesi likija, jiko la kuni la mama na liachwe lisimame, lizibwe paa, liwekewe bomba la kutolea moshi. Siku atakapotaka kuchoma ndizi au kuchemsha githeri kwa njia yake, awe na pake. Jiko mbili katika boma moja si fujo ikiwa kila mmoja anajua anakaribishwa kwenye la mwenzake.

Mama akikataa

Limebaki swali gumu zaidi. Mmemwuliza mama kwa heshima, ndugu wamekubali, fundi amesema inawezekana, lakini mama amesema hapana. Mfanyeje?

Wako watakaosema mzee haelewi, tujenge, atazoea. Siwezi kukubaliana nao. Mama akiwa na akili zake timamu, vyumba anavyoishi havipaswi kuvunjwa bila ridhaa yake, hata kama faida yake ni kubwa namna gani. Kumfanyia mtu mema kwa kumpita juu yake kama hayupo ni kumwambia kwamba amekwisha. Lakini hapana yake ina mpaka. Inalinda mahali pake. Haiwezi kuwafunga wajukuu wake katika shida katika boma zima. Basi iacheni nyumba ya zamani ilivyo. Zibeni paa lake, safisheni mifereji, rekebisheni mlango, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha jengeni vyumba vyenu kando, hatua chache, milango ikitazamana. Hata njia fupi yenye paa juu, ya kupita wakati wa mvua, inatosha kuziunganisha. Huenda miaka ikipita mama mwenyewe akaomba ukuta ufunguliwe. Huenda asiombe. Katika hali zote mbili mtakuwa mmelipa madeni yote mawili.

Na baba aliyejenga? Kama angeweza kurudi jioni moja, nadhani asingeanza kuhesabu mawe. Angetazama nani ameketi mezani, nani yuko nje, na kwa nini.

Wana ndoa wapendwa, jioni hii watoto wakilala, ketini wawili mjibu maswali haya kwa ukweli, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe hadi mwisho:

1. Katika nyumba tunamoishi sasa, kuna mtu anayejiona mgeni? Tumewahi kumwuliza?
2. Tunataka kuongeza nini, na ni kwa ajili ya nani hasa: watoto, mama, sisi, au majirani?
3. Hati ina jina la nani, na ndugu zetu wote, mabinti wakiwemo, wanajua mpango wetu?
4. Mchango wa kila mmoja wetu umeandikwa wapi?
5. Ni kitu gani katika nyumba ya wazee ambacho tusingependa watoto wetu wakikose?